Mshipi Uliolala Majini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuwasha jiko na kumfungulia bibi yake mlango wa nyuma. Chapuchapu si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na bibi, kwa sababu alifagia chapuchapu, akaosha vyombo chapuchapu, na mara nyingi akarudishwa kuanza upya, kwani ufagio wake haukuwa na habari kwamba nyumba ina pembe.

Bibi alikuwa mfunga ndoana. Wavuvi wa upande ule wa ziwa walitumia ndoana zilizopita vidoleni mwake, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba fundo la bibi limefunguka. Macho yake yalizimika miaka minane iliyopita kwa ugonjwa wa presha ya macho, lakini mikono haikujali. Kazi aliifanyia katika banda dogo ukingoni mwa maji. Kufika huko hakushikwa mkono na mtu, alishika mshipi.

Ulikuwa mshipi wa nailoni, ule mnene wa kuvulia samaki wakubwa. Ulianzia kwenye mwimo wa mlango wa nyuma, ukapita katika pete za chuma kwenye nguzo saba, ukafuata tuta jembamba lenye matete na matope pande zote mbili, hadi bandani. Pale mlangoni ulitundikwa kengele ndogo. Bibi akihitaji kitu huko chini aliuvuta mara mbili, na kengele ikamwita mjukuu.

"Kwa nini usifunge kamba ya katani, Bibi?" Chapuchapu aliwahi kuuliza.

"Kamba ni bubu, mke mwenzangu. Mshipi unasema. Nikiushika najua upepo umegeuka, najua ndege ametua nguzo ya pili, na najua wewe umeuegemea badala ya kusugua sufuria."

Mama yake Chapuchapu alikuwa mpishi katika shule ya bweni na alirudi nyumbani likizo tu. Kwa hiyo bibi alitegemea vitu viwili katika kutembea kwake: mshipi ule, na mjukuu aliyeutunza.

Jumatatu moja bibi alisimama kwenye nguzo ya tano, akarudisha kidole chake nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena.

"Hapa pamekwaruzika," alisema. "Haujafika kukatika, lakini sitaki kungoja. Jumamosi tutafunga ule wa akiba. Leo jioni uuloweke."

Mshipi wa akiba ulikuwa umekaa miaka mingi kwenye kibao chake, umejisokota kama nywele zilizofumuliwa. Ukifungwa hivyo ungejikunjakunja njia nzima.

"Sikiliza," bibi alisema. "Usiku mmoja majini, ulainike. Asubuhi uutoe, uanike kivulini. Ukikauka, upitishe wote kati ya vidole vyako tangu mwanzo hadi mwisho, polepole. Nimesema polepole! Kidole kinaona vitu ambavyo jicho linavipita."

"Sawa, Bibi."

Jioni hiyo Chapuchapu aliutumbukiza mshipi katika pipa la maji nyuma ya jiko, akafunika. Hapo alitii vizuri kabisa. Lakini Jumanne kulikuwa na mazoezi ya mpira wa pete, Jumatano akaenda kwa rafiki yake, Alhamisi ikapita kama zinavyopita Alhamisi. Ijumaa alasiri alikwenda kuchota maji ya kufulia, akafunua pipa.

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya majani. Chini yake mshipi ulijizungusha taratibu, ingawa hakuna aliyeugusa. Alipoutoa ulimteleza mkononi, laini mno, wenye utando wa ute. Na ule uangavu wake ulikuwa umetoweka. Ulikuwa na weupe wa ukungu, weupe uleule wa macho ya bibi. Chapuchapu aliuachia haraka.

Alikwenda kwa jirani yao, fundi wa mitumbwi, aliyekuwa akipiga randa ubao mrefu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Sihemi. Hivi, Fundi, mtu akisahau mshipi majini siku nne, unaharibika?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Fundi aliweka randa chini. Hakuwa mtu wa mchezo, na hilo ndilo lililomtisha Chapuchapu.

"Siku nne? Huo umeshakufa. Babu yangu alinihadithia habari za mvuvi mmoja wa hapahapa. Mshipi wake ulilala majini, akaona uvivu kuutupa, akautumia hivyohivyo. Ukakatika kama uzi wa buibui. Akaingia kwenye matete kutafuta ncha yake, na ndiyo ikawa mwisho wake. Wazee walimwita Mvutaji. Walisema bado yumo humo, anavuta mishipi ya watu kuona kama nayo imeoza kama wake. Ukisikia unaitwa kwenye ukungu, usiitike."

Kisha akachukua randa yake na kuendelea na kazi, kama mtu aliyetaja bei ya misumari.

Kilichofuata ndicho ambacho Chapuchapu angekijutia. Bibi alikuwa bandani, mita arobaini tu kutoka pale. Angeweza kwenda na kusema, "Bibi, nimesahau." Maneno mawili. Lakini aliyameza, akaazimia kuukausha ule mshipi chapuchapu, kabla hajaulizwa.

Aliutandaza juu ya bati lenye moto wa jua. Jua likaanza kushuka. Akauchukua, akauning'iniza juu ya jiko la mkaa, akiupeleka huku na huku. Mahali pamoja ukagusa waya wa jiko. Ukalia tsss, harufu kali ikapanda, na mshipi ukajikunyata pale kama kiwavi. Chapuchapu alipavuta pakanyooka.

"Ni padogo tu," alijiambia.

Jumamosi aliuondoa na kuutupa ule wa zamani, akafunga huu. Aliupitisha katika pete zote saba, akakata kipande kirefu kilichozidi na kukitundika kwenye msumari kando ya mlango.

"Uliuloweka usiku mmoja?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Ukaupitisha vidoleni?"

"Wote."

Uso wa bibi ulikuwa umeelekea pembeni kama kawaida yake. "Haya mama. Ahsante," alisema, akashika mshipi na kwenda zake bandani akiimba chini kwa chini.

Jumapili ukungu ulianza. Huja kila mwaka majira hayo, unapanda kutoka ziwani alfajiri na kuficha kila kitu hadi jua lipate nguvu. Bibi alikuwa ndani akichana nywele, na Chapuchapu alikuwa anapanga vikombe, wakati kengele ilipolia.

*Tii.*

Chapuchapu aligeuka. Bibi yupo ndani. Bandani hakuna mtu. Alichungulia mlangoni. Alfajiri ile aliona mshipi umelegea, umeteremka hadi kugusa majani. Sasa ulikuwa unapanda. Ulipanda polepole, ukikaza, matone yakidondoka mojamoja, kana kwamba kule ndani ya ukungu kuna mkono unauvuta bila haraka.

*Tii.*

"Bibi, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Hakuna kitu."

Jumatatu kengele ililia tena, mara tatu, na tena hapakuwa na mtu. Chapuchapu hakula chakula chake. Darasani mwalimu alimwita mara mbili na hakuitika, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kutoitika. Kila bibi aliposhika njia ya bandani yeye alisimama mlangoni, roho mkononi, akihesabu nguzo kwa macho hadi ukungu ulipomnyima hesabu. Mara nne alifungua kinywa amwambie, na mara nne ulimi ukamganda. Woga wa kusema ni kitu cha ajabu: kadiri unavyoulisha ndivyo unavyonenepa.

Jumanne ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Bibi alifunga kanga yake vizuri, akashika mshipi, akatoka. Kwake ukungu na mwanga ni mamoja. Chapuchapu alisikia malapa yake: pa, pa, pa. Kisha hayakusikika tena.

Kengele ililia kwa kishindo, mara moja tu, ikayumba hadi ikagonga ukuta.

Halafu kimya.

Chapuchapu alitoka mbio, mkono juu ya mshipi. Nguzo ya kwanza. Ya pili. Hakuweza kuona miguu yake mwenyewe. Ya tatu. Ya nne. Kwenye nguzo ya tano mshipi ulimalizikia mkononi mwake. Ulikuwa umekatika.

"Bibi!"

Ukungu ulimrudishia sauti yake. "...bi ...bi." Matete yalisuguana upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Kisha, kutoka mahali pasipo na njia, sauti nyembamba ikaita:

"Chapuchapu."

Nywele zilimsimama. Alikumbuka maneno ya fundi: usiitike. Sauti ikaita tena, na sasa ilionekana kutoka upande mwingine kabisa. Miguu ilitaka kukimbilia nyumbani. Lakini kama ni bibi, na yeye asiitike?

"Nani wewe?" alipiga kelele.

"Mke mwenzio! Nani mwingine atakuita huku kiuno kiko kwenye maji baridi hivi? Unataka na kitambulisho?"

Chapuchapu alianza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Usije bila kujifunga!" bibi aliendelea. "Tope linavuta. Nimeshika matete, sitembei. Tafuta mshipi."

Mshipi upi? Kilikuwapo kimoja tu, kile kipande kilichobaki kwenye msumari. Nacho kililala majini siku nne zilezile. Nacho kilikuwa maiti, kwa maneno ya fundi. Chapuchapu alirudi nyumbani mbio, akapiga kengele mfululizo ili jirani asikie, akachukua kipande kile na kurudi. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya tano kwa fundo alilofundishwa na bibi, ncha nyingine akaifunga kiunoni. Alifunga polepole. Akapiga moyo konde, akashuka kwenye matete.

Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Tope lilimshika miguu kama lina mikono. Matete yalimpapasa usoni. "Sema, Bibi!" aliita kila baada ya hatua mbili, na bibi akasema lolote lililomjia: majina ya samaki, namba za ndoana, kasoro za ukoo wa kuumeni. Hatimaye mkono wenye baridi ulimkamata bega. Chapuchapu alipiga yowe.

"Polepole, utaniua kwa kelele kabla ya maji," bibi alisema, lakini naye alikuwa anatetemeka.

Walishika mshipi wote wawili na kuuvuta. Ulirefuka kama kitu hai, ukawakata viganja, ukalia ngiii kwenye nguzo. Chapuchapu alifumba macho akingoja ukatike. Haukukatika. Mguu mmoja ulichomoka topeni, kisha mwingine. Walipofika juu ya tuta walikaa chini kama walivyo, wameshikana. Fundi aliwakuta hapo, akambeba bibi mgongoni hadi nyumbani.

Bibi alibadilishwa nguo, akapewa chai ya moto. Kabla hajainywa alinyoosha mkono. "Nipe ncha iliyokatika."

Aliipapasa kwa muda mrefu.

"Hapa pana donge," alisema. "Na pamesinyaa. Maji hayafanyi donge, mjukuu wangu. Donge ni kazi ya moto."

Fundi alimtazama Chapuchapu. Chapuchapu aliangalia sakafu. Hapakuwa na pa kukimbilia, na kwa kweli alikuwa amechoka kukimbia.

"Nilidanganya, Bibi," alisema, machozi yakimtoka. "Niliusahau majini siku nne. Nikasikia kwamba umekufa, nikaogopa. Nikaukausha juu ya jiko ukaungua. Sikuupitisha vidoleni. Na kengele imekuwa ikilia wakati hakuna mtu, nikajua ni Mvutaji, nikazidi kuogopa."

Bibi aliiweka ncha ile chini, akageuzia uso ukutani. Chapuchapu aliumia kuliko kama angechapwa.

"Kengele," bibi alisema. "Nailoni ikinywa maji inarefuka na kulegea. Jua likiikausha inakaza, na kengele inalia. Imelia kila msimu wa ukungu tangu hujazaliwa. Zamani hukuwa na sababu ya kuisikiliza."

Fundi alikohoa. "Lakini Bibi, siku nne majini..."

"Wewe ndiye uliyemwambia umekufa?"

"Babu yangu alisema hivyo."

"Babu yako alivua kwa mshipi wa nini?"

Fundi alifikiri. "Wa pamba."

"Pamba inaoza. Kwa pamba babu yako alisema kweli. Lakini usinisadiki mimi bure. Tutapima."

Walipima. Bibi alitoa mshipi mwembamba wa nailoni kutoka kwenye akiba yake ya kazi, akakata vipande vinne vinavyolingana. Viwili vililala majini kuanzia Jumatano hadi Jumapili, kisha kimoja kikatolewa na kuanikwa kivulini. Cha tatu hakikuguswa na maji. Cha nne bibi alikipitisha karibu na makaa kwa muda wa kupiga chafya moja. Jumatatu alasiri walifunga kimojakimoja kwenye boriti ya karakana ya fundi, wakaning'iniza ndoo na kuweka mawe yaliyolingana, huku Chapuchapu akihesabu kwa sauti.

Kikavu kilikatika kwenye jiwe la ishirini. Kilichotoka majini kilikatika kwenye la kumi na saba. Kilicholala majini kisha kikakaushwa kivulini kilifika ishirini sawasawa. Kilichoonja moto kilikatika kwenye jiwe la sita, ndoo ikamkosakosa fundi kidole cha mguu.

"Mmh," fundi alisema. Alikaa juu ya ubao wake, akakuna kichwa. "Kwa hiyo kikiwa kibichi kinapungua nguvu kidogo, kikikauka nguvu zinarudi. Na mimi miaka yote nimetupa mishipi mizima! Nisamehe, mtoto. Nilikupa hadithi badala ya jibu. Nilipaswa kusema sijui."

Jioni hiyo walitengeneza mshipi wa njia. Bibi alikata sehemu yote iliyoungua, akaunga kwa kile kipande kilichowaokoa. Kisha alimkabidhi Chapuchapu. Chapuchapu aliupitisha wote kati ya vidole vyake. Ilimchukua hadi giza lilipoanza kuingia. Alipata mkwaruzo mdogo mahali pamoja, akasimama, akasema, "Bibi, hapa sina uhakika." Bibi akapagusa, wakakata hapo, wakaunga tena.

Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Bibi alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga nacho Chapuchapu machoni.

"Leo utatangulia wewe," alisema. "Nami nitakuwa nyuma yako."

Chapuchapu alishika mshipi, akatoka. Nguzo ya kwanza ilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Kati ya ya pili na ya tatu dunia yote ilipotea, ikabaki nailoni baridi chini ya kiganja. Maji yalilamba tuta pande zote mbili, karibu, karibu sana. Aliyasikia matete yakipumua. Baada ya nguzo ya tano mguu wake uliteleza. Hakuwa na pa kushika isipokuwa pale, akauegemea mshipi kwa uzito wake wote. Ulilegea kidogo, ukamshika.

Bandani alikaa sakafuni. Bibi aliingia, akapapasa kiti chake, akaketi.

"Umeogopa?"

"Sana, Bibi."

"Vizuri. Sasa nikuambie, na ulishike. Mshipi kulala majini halikuwa kosa kubwa. Kusahau nako, sote tunasahau. Ungesema siku ileile tungeukausha kivulini na mambo yangekwisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii nusura kiniumbue mimi niliyekuwa sijui lolote. Ukikosea, sema. Usipojua, uliza, na ukijibiwa, pima."

Alinyoosha mkono, akamfungua kitambaa.

"Wewe leo umetembea hivi mara moja. Mimi hutembea hivi kila siku, mwanangu, na si juu ya mshipi. Natembea juu ya neno lako."